Unakuja Kazini kwa Nini?

Karatasi ya pili ya kuchelewa Zuleha hakuificha. Aliiweka mezani mbele ya sahani ya mumewe, akaikandamiza kwa kikombe ili upepo wa mlangoni usiichukue, kisha akarudi jikoni kuepua sufuria ya ndizi.

Mussa aliitazama huku akiendelea kula. Hakuwa na haja ya kuisoma, kwani alikuwa ameiandika mwenyewe asubuhi ile ofisini, pamoja na nyingine kumi na moja. Yeye ni karani wa kiwanda cha kahawa kilichoko ng'ambo ya reli. Mkewe ni mmoja wa wachambuaji, wale wanawake arobaini na sita wanaokaa kwenye meza ndefu na kutoa kwa mkono punje mbovu ambazo mashine imezipitisha.

"Mama Ummy, ya tatu ikija msimu wako umekwisha," alisema. "Na mimi siwezi kukutetea. Watasema karani anampendelea mkewe."

"Sijakuomba unitetee."

"Sasa tatizo ni nini? Basi lipo. Linapita hapo barabarani saa kumi na mbili na nusu. Unapanda, unashuka getini. Wewe unang'ang'ania miguu!"

Zuleha aliweka sufuria chini. "Shule ya Ummy inafunguliwa saa ngapi?"

Mussa alitafuna polepole. Alijua ada, alijua jina la mwalimu mkuu. Saa hakuijua.

"Saa moja kasorobo," alijibu Ummy kutoka kwenye mkeka, bila kuinua macho kwenye daftari lake. "Mwalimu hapokei mtoto kabla."

Ummy alikuwa na miaka saba na miguu isiyombeba. Shule yenye darasa la watoto kama yeye iko juu, upande wa pili wa mji, na kutoka pale hadi kiwandani ni mwendo wa dakika arobaini kwa mtu mwenye haraka. Zamani haikuwa taabu, maana mlango wa wachambuaji ulifungwa saa moja na nusu. Ila mwezi wa sita Bwana Gabriel, meneja, alirudi kutoka kwenye mkutano Arusha na mpango mpya. Magari ya wafanyakazi yasiingie tena kiwandani, wala pikipiki, ili moshi upungue na uwanja upatikane wa kuanikia kahawa. Kiwanda kikanunua basi. Na kwa kuwa basi lipo, tangu jana kengele imekuwa moja kwa wote, saa moja kamili, bila udhuru.

Wanaume walinung'unika wiki moja. Wiki ya pili walikuwa wakicheka ndani ya basi kama wanafunzi wanaokwenda ziara, na Mussa akiwa miongoni mwao. Gari lake alilifunika turubai.

"Kesho mpeleke wewe," alisema Zuleha. "Siku moja tu. Mimi nipande hilo basi niwahi. Ya keshokutwa Mungu anayajua."

Mussa hakuwa amechelewa kazini kwa miaka tisa. Alitaka kukataa, lakini ile karatasi chini ya kikombe ilikuwa na mwandiko wake.

"Nitampeleka kwa gari," alisema. "Nitalirudisha hapa, nikimbie. Ni jambo dogo."

"Na shangazi usisahau kumpitia."

"Sawa," alisema Mussa, wala hakuuliza anampitia kwa lipi.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri gari lilikohoa mara moja, likanyamaza. Wiki tatu chini ya turubai zilikuwa zimemaliza betri. Mussa alifungua boneti, akaifunga. Akapiga simu kwa dereva wa bajaji anayemfahamu; yule alikuwa stendi anangojea abiria wa mabasi ya Dar. Pikipiki haikufaa, kwa kuwa mgongo wa Ummy haushiki, na aliwahi kuanguka nayo.

Zuleha alikuwa amekwisha kumwogesha mtoto, kumvalisha, kufagia uani na kufunga chakula cha mchana cha watu watatu. Alimwinua Ummy, akachukua khanga.

"Inama nimfunge."

"Mgongoni? Kwa khanga? Mama Ummy, hii Majengo bwana, watu wananijua!"

"Haya. Mshike kwa mikono, basi."

Akamshika kwa mikono. Kabla hajamaliza uchochoro mikono ilikuwa inawaka moto. Mwenye duka la mkaa, aliyekuwa akifungua mlango, aliita, "Karani! Leo umegeuzwa mama?" Mussa alijifanya hakusikia.

Shangazi yake, Bi Rukia, dada wa marehemu baba yake, anakaa peke yake nyumba ya nne. Macho yalimzimika miaka mingi iliyopita. Kabla Mussa hajabisha, sauti ilitoka ndani: "Leo hatua zako nzito, Zuleha. Unaumwa?"

"Ni mimi, shangazi. Shikamoo."

 Bi Rukia alijiweka sawa kitandani, akavuta ukaya wake kichwani. "Mussa? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Uje asubuhi hii na hakuna aliyekufa?"

Mussa alisimama na mtoto mikononi, asijue aanzie wapi. Ummy ndiye aliyemwongoza. "Unawasha jiko, baba. Halafu unabandika chai. Halafu maji kwenye ndoo ya kulia, siyo ya kushoto. Ukiweka ya kushoto bibi atayakosa."

Alimkalisha Ummy kwenye kiti akafanya hivyo. Mkaa ulimtoa machozi. Alipompa shangazi kikombe, alisema kwa kujitetea, "Kila Ijumaa nakuletea sukari, shangazi. Inafika?"

"Inafika, mwanangu, Mungu akubariki. Anayeikoroga ni mkeo."

Hakusema kwa ubaya. Alishika uso wa Mussa kwa viganja viwili, akaupapasa taratibu kama mtu anayesoma barua, akamwambia, "Umenenepa. Unatunzwa." Kisha akawaruhusu waende.

Karibu na maghala njia inaingia gizani, mahali ambapo taa za barabarani ziliharibika na hakuna aliyezitengeneza. Wanawake watatu walikuwa wamesimama pale, mmoja na ndoo ya vitumbua, mmoja na ufagio wa kazi, mmoja mikono mitupu. Mussa alitaka kuwapita.

"Simama baba," alisema Ummy. "Hatujafika watano."

"Watano wa nini?"

"Wa kupita hapa. Tunangojana."

Mussa aliwahesabu. "Wale watatu, mimi, na wewe. Sisi ni watano."

"Wewe huhesabiwi."

Wanawake waliangua kicheko, hata ndoo ya vitumbua ikatikisika. "Msamehe mtoto, baba," alisema mwenye ndoo. "Wanaume hatuwahesabu. Ndio tunaowaogopa."

Mussa naye alicheka, kisha akakumbuka. Alikuwa amepita pale kwa gari mara ngapi, taa zimewaka, vioo vimepandishwa, akiwaona wanawake wamesimama gizani? Alidhani wanapiga soga.

Alipotokea msichana mmoja wa dukani, wakawa watano, wakaondoka. Mwenye vitumbua akampa mwenzake ndoo, akanyoosha mikono. "Mlete Ummy. Kutoka hapa hadi duka la saruji ni zamu yangu."

"Hapana dada, huyu ni mwanangu."

"Najua ni mwanao. Na zamu ni yangu."

Akamtwaa, akamtupa mgongoni, akamfunga kwa khanga kwa mizunguko miwili. Ummy alilaza shavu kwenye bega la yule mama kama mtu aliyefika kwake. Kwenye duka la saruji alipokelewa na Grace, yule wa ufagio, anayesafisha benki. Hakuna aliyeambiwa, wala kuomba, wala kushukuru kwa maneno mengi. Mtoto alihama mgongo hadi mgongo, na Mussa alifuata nyuma na mkoba wa shule, akikanyaga taratibu kama mtu aliyeingia msikitini katikati ya swala.

Palipobaki kilima cha mwisho, walimkuta bibi mmoja wa makamo ameketi kando ya njia, mkungu wa ndizi ubavuni. Alikuwa Mama Aika, anayeanza kushuka kutoka Uru saa kumi alfajiri kwenda sokoni. Alisimama alipowaona.

"Huyu ndiye baba? Haya mbe, bwana, karibu. Mwenzio yuko wapi?"

"Ametangulia kazini, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mlete mtoto nimpandishe."

"Lakini mama, wewe unashuka," alisema Mussa. "Sokoni ni huku tulikotoka."

"Nashuka ndiyo. Kilima hiki kinamuumiza mkeo kiuno, tangu mwaka juzi. Nampandisha mtoto, kisha narudi kuchukua mkungu wangu."

"Kila siku?"

"Jumapili hakuna shule."

Mussa alisema yeye ni mwanamume, ana nguvu, atampandisha mwenyewe. Mama Aika alimtazama toka juu hadi chini bila haraka. "Basi kama una nguvu, beba mkungu. Kwa kuwa upo, leo ndizi zisibaki hapa peke yake."

Akabeba mkungu. Shingo ilizama mabegani, na mbele yake yule mama mwenye mvi alipanda na mtoto mgongoni huku wakiimba hesabu ya mbili mbili. Juu kabisa Mussa alitua mzigo akashika kiuno. Kilele cha Kibo kilikuwa kimetoka kwenye mawingu, cheupe, karibu mno. Lakini kilichomshika macho kilikuwa chini yake. Kila njia iliyoshuka kutoka migombani ilikuwa na wanawake. Walikuja wawili wawili, watano watano, na vikapu, na watoto, na madumu ya maziwa. Mmoja aliingia zahanati akatoka. Mwingine aligonga mlango, akakabidhi kopo, akaendelea. Katikati yao wanaume walipita kwa pikipiki, mmoja mmoja, moja kwa moja, kila mtu na safari yake.

Mji mzima ulikuwa unaamshwa, unalishwa na kupelekwa mahali pake kabla ya saa moja, na yeye miaka yote alidhani mji huamka wenyewe.

"Umeona?" aliuliza Mama Aika.

"Nimeona, mama."

"Sasa nirudishie ndizi zangu chini."

Mussa alimkabidhi Ummy shuleni, akashusha ndizi, akaingia getini saa moja na dakika ishirini na sita, shati limelowa. Mlinzi aligonga saa yake kwa kidole. Wanaume wa mashine walipiga miluzi. Kwenye dirisha la chumba cha kuchambulia Zuleha aliinua kichwa; alikuwa amewahi. Alimtazama mumewe, akatazama mikono yake, akarudi kwenye punje.

Mussa aliketi akaandika karatasi ya kuchelewa yenye jina lake mwenyewe. Akaigonga mhuri. Kisha akafungua kabati na kutoa bahasha aliyoifunga mwezi wa sita.

Basi liliponunuliwa, Bwana Gabriel alimwagiza aulize kila mfanyakazi anafika kazini kwa usafiri gani, ili njia ya basi ichorwe. Mussa akaandika swali moja, fupi, akilipenda kwa ufupi wake: *Unakuja kazini kwa nini?* Kwa wanaume alisimama getini akalisoma kwa sauti, akizungusha mikono kama mtu mwenye usukani, nao wakaandika: gari, pikipiki, baiskeli. Kwa wachambuaji aliacha karatasi mezani akaenda zake. Zilizorudi alizipitia haraka, akaona hazina maana, akaandika juu ya bahasha "Hayakueleweka". Njia ya basi aliichora kwa karatasi za wanaume.

Sasa alizitoa moja moja. Hazikuwa na majina.

"Nakuja kwa sababu mume wangu alianguka akikata majani ya ng'ombe, na tangu hapo hainuki."

"Nakuja ili mkwe wangu asiseme nakula bure."

"Kwa nini mnaniuliza? Nimekosa nini?"

"Mliniita mwaka 2011 na hamjaniambia nisije."

"Baba aliwagawia kaka zangu kihamba, mimi sikupata hata mgomba. Hapa nikishika kahawa najiona nipo shambani kwa baba."

"Naomba msinipunguze. Nitatembea haraka zaidi."

Karibu na mwisho kulikuwa na mwandiko uliolala upande wa kushoto, anaouona kila siku kwenye karatasi ya mahitaji ya nyumbani. Ulisema: "Nakuja kwa sababu mezani kwenu ndipo ninapokaa kitako."

Mussa aliisoma akiwa amesimama. Halafu akaketi. Halafu akainuka tena, akaenda chumba cha kuchambulia, akasimama mbele ya Valeria, mzee wao wa meza.

"Dada Valeria, lile swali la mwezi wa sita mlilielewaje?"

"Kama ulivyoandika, shemeji. Ofisi inataka kujua tunakuja kwa nini. Tukajua wanatafuta wa kuwapunguza. Wapo waliolia hapa."

"Nilikuwa nauliza mnakuja kwa chombo gani."

Mikono ilisimama juu ya kahawa, meza nzima. Mmoja akarudia kwa sauti ya chini, "Kwa nini... kwa gari, kwa miguu," na kicheko kikalipuka, kikazunguka meza, kikawatoa machozi. Zuleha peke yake hakucheka. Na alipoonekana hacheki, wengine wakanyamaza mmoja mmoja.

"Miguu," alisema Zuleha. "Andika miguu, baba Ummy. Arobaini na sita."

Bwana Gabriel alimsikiliza Mussa hadi mwisho. "Kwa hiyo ramani ya basi ni ya nusu ya watu."

"Ndiyo, mkuu. Kosa ni langu."

"Na kengele niliibadili kwa kuamini ramani hiyo. Nimewapa wanawake kumi na wawili karatasi." Alivuta zile fomu, kwa hasira kwanza. Alisoma mbili, tatu. Ile ya kihamba aliisoma mara mbili. Naye ana dada wanne, na nyumba yake ya Kibosho iko katikati ya kihamba cha baba yake. "Huyu ni nani?"

"Hazina majina, mkuu."

Meneja alivua miwani, akaivaa tena. Aliuliza, kwa sauti iliyopungua, wanawake wanapita wapi asubuhi. Mussa alimweleza. Alimweleza ndoo ya kulia, na watano wa gizani, na kilima cha Mama Aika. Alikuwa hajawahi kuongea mfululizo hivyo mbele ya mkubwa wake, na meneja hakumkatiza.

Kabla ya saa sita iliamuliwa. Basi litakuwa na safari ya pili, itakayoanzia shuleni saa moja kasorobo, ipite zahanati, ipite soko la Majengo. Kengele ya wachambuaji irudi saa moja na nusu. Karatasi zao zichanwe. Na Mussa, kwa uzembe, aondoke ofisini, akasimamie mizani ya magunia hadi msimu uishe.

"Una neno?"

"Sina, mkuu. Asante."

Jumatatu ya kwanza ya mpango mpya Mussa alikuwa uwanjani kwenye mizani, vumbi la magunia likimjaa kopeni. Asubuhi ile yeye ndiye aliyewasha jiko kwa Bi Rukia, akaambiwa chai yake haina tangawizi. Kisha alipanda safari ya kwanza. Zuleha alimpeleka Ummy.

Saa moja na dakika kumi safari ya pili iliingia getini, ikasimama. Injini ilizimwa. Mlango ulifunguliwa.

Hakuna aliyeshuka.

Mussa alingoja. Aliona vichwa madirishani, basi limejaa, wanawake wameketi wima, hakuna anayegeuka.  Aliacha magunia akaenda mbio. Mlangoni dereva, Eliudi, alimzuia kwa kiganja, akaweka kidole midomoni.

"Kuna nini?" alinong'ona Mussa.

Eliudi alielekeza kwa kidevu.

Kwenye kiti cha tatu Zuleha alikuwa amelala. Kichwa kilikuwa begani kwa Valeria, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja umefunguka mapajani kama wa mtoto. Mtu alikuwa amemfunika khanga. Valeria, aliyebanwa mkono, hakuthubutu hata kuinua kidole. Alimkonyeza Mussa tu. Mwanamke wa kiti cha nyuma alikuwa ameshika pazia ili jua lisimguse usoni. Wanawake ishirini na wawili, na kila mmoja ana dakika ishirini zake za asubuhi, ambazo hajawahi kuwa nazo, walikuwa wamekaa kimya na kumpa yeye.

Mussa alivua kofia. Alisimama kwenye ngazi ya basi akamtazama. Miaka kumi na moja ya ndoa yeye hulala wa kwanza, na akiamka kitanda upande wa pili huwa kimekwisha kutandikwa. Aliutazama uso ule kuanzia paji hadi kidevu, polepole, akijifunza, kwa sababu hakuwahi kumwona mkewe amelala.